Vigango vimekwisha Magarini na Ganze. Vilienda wapi, na yaliyobaki tuyafanyeje?

#1 Garashi_Juu
Salamu wanajukwaa.

Natoa dai, na mwenye ushahidi anipinge: mtoto anayekua leo kati ya Marafa na Adu atakiona kigango kwenye simu kabla ya kukiona kimesimama mudzini, yaani bomani, kwa babu yake. Wengi mudzini hawatakiona kabisa.

Kwa wasio wenyeji: kigango ni nguzo ya ukumbusho ambayo sisi Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha siri cha wazee. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, kigogo kifupi kisicho na nakshi nyingi. Kigango huchongwa kwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Kina kichwa cha duara na kifua chenye pembetatu zilizokatwa safu kwa safu, na kingine humpita mtu mzima kwa urefu. Hakisimamishwi siku ya mazishi. Marehemu mwenyewe humjia mtu wa nyumbani ndotoni akadai mahali pake, au nyumba hupata misukosuko mpaka ijulikane nani ameachwa nje. Kikishasimama hupewa tembo, kuku, na vitambaa vya kufungwa shingoni.

Vilienda wapi? Kila ninayemuuliza ana jibu lake na kila mmoja ana hakika nalo. Na wazee wanaojua kigango kipi kilikuwa cha nani wanaondoka mmoja mmoja. Naumia, jamani. Tuandikieni mnayoyajua.

#2 Pwani_Moja
Vimeibwa, ndugu yangu, hakuna fumbo hapo. Miaka ya 70 na 80 maduka ya vinyago Malindi na Mombasa yalikuwa yanavinunua, vijana wanatumwa usiku, asubuhi kimebaki kisiki. Vikapelekwa Marekani, matajiri wakavipamba ukutani, kisha wakavitoa sadaka kwa makumbusho. Wanaanthropolojia wawili, Monica Udvardy na Linda Giles, walivisaka wakakuta zaidi ya mia mbili kwenye makumbusho za kule.

Udvardy mwenyewe alimpiga picha mzee mmoja mwaka 1985 akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda vikaibwa. Kimoja akaja kukiona kwenye picha za makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa Kenya 2007. Bila picha ile nani angethibitisha?

#3 Dada_wa_Ganze
#2 Kweli, lakini hukumaliza. Mnunuzi wa Malindi mjini alijuaje njia ya kwetu? Boma lina mbwa, lina watu, halina hata kibao barabarani. Aliyeionyesha njia alikuwa mtoto wa nyumba au jirani yake. Kwetu aliyekata anajulikana mpaka leo na watu humwamkia kama kawaida. Ulikuwa mwaka wa njaa, alikuwa na watoto. Nasema hivi si kwa kumtetea mnunuzi. Nasema kwa sababu tukiandika historia kwamba Mzungu alikuja gizani akachukua, tutakuwa tumeficha nusu.

#4 Mzee_Jilore
Wanangu, nawasoma. Nyote mnamsaka mwizi, hamumtaji aliyeving'oa mchana mlangoni mwake mwenyewe. Baba yangu alipookoka alivitoa viwili vya wazee wake akavitia moto mbele ya waumini wenzake, na kuni niliokota mimi. Simlaumu. Alikuwa amezika watoto, akaambiwa shida imekaa pale. Jirani zetu waliosilimu hawakuchoma, waliacha tu kuvipa tembo na kuku. Mvua na mchwa vikafanya kazi yao. Hapa kwetu dini imemaliza vingi kuliko mtalii.

#5 Pwani_Moja
#4 Kwa heshima yako mzee, vilivyochomwa Jilore haviko Illinois. Hivyo mia mbili na zaidi havikuungua.

#6 Mzee_Jilore
#5 Mwanangu, mia mbili ni vya makumbusho. Vilivyooza mashambani na kuungua nani aliwahi kuvihesabu?

#7 Mwalimu_Mstaafu
Mmesahau kuhama. Kigango hakihamishwi. Udongo ukichoka au maji yakikauka, watu huondoka na mbuzi na vyombo, chenyewe hubaki kimesimama kwenye mahame. Na Wagiriama wamehama sana. Kutoka upande wa Kaya Fungo, makao matakatifu ya wazee wetu msituni, walisonga kaskazini, katika karne ya 19 wakavuka Sabaki, wakalima nafaka iliyouzwa miji ya pwani. Serikali ya kikoloni ikaja kuwataka warudi kusini ya mto, ikataka kodi, ikataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Vita vya 1914 vilikuwa juu ya hayo. Nyumba zikachomwa, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa wavuke warudi.

Sasa hesabuni wenyewe mahame yaliyobaki ng'ambo ya Sabaki. Mwizi wa miaka ya 70 hakuhitaji kumpita mbwa wa #3. Alikwenda porini, akakuta nguzo isiyo na mtu wa kuuliza.

#8 Dada_wa_Ganze
#7 Mahame hayana mbwa, nakubali. Yana wenyewe.

#9 Kijana_wa_Gongoni
Na ndio mwaka huo huo, 1913, Wazungu waliilipua Kaya Fungo baada ya Mekatilili, yule mama aliyeongoza upinzani wetu, kumzaba kofi yule mkubwa wao. Mnazi mkavu ule, hauinami kwa upepo!

#10 Mwalimu_Mstaafu
#9 Miaka umeichanganya, mwanangu. Baraza ambalo Mekatilili wa Menza alisimama mbele ya Arthur Champion, afisa wa kikoloni, lilikuwa 1913. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori Kola mwaka huo, wakahamishiwa Kisii, wakatoroka wakarudi. Baruti iliwekwa Kaya Fungo Agosti 1914. Kati ya kofi na baruti kuna mwaka mzima wa viapo na mikutano ya siri kayani, na huo ndio uliowatisha wakoloni.

#11 Kijana_wa_Gongoni
Ahsante mwalimu. Ila sisi bibi alitusimulia kwamba walihamishiwa Mumias, wala hakutaja kofi. Alisema Mekatilili alileta kuku na vifaranga barazani akamwambia Mzungu chukua kifaranga kimoja uone mama yake atakufanya nini. Mzungu akanyosha mkono, kuku akamdonoa, na kuku huyo akapigwa risasi.

#12 Mkauma_wa_Dabaso
Nyinyi Wagiriama simulizi za yule kuku zimekuwa nyingi kuliko kuku wenyewe. Kwetu anadonoa, Bamba nimesikia anaruka mpaka kichwani. Muacheni apumzike.

#13 Mwalimu_Mstaafu
#11 Kisii ndiko kwenye kumbukumbu za serikali ya wakati ule. Mumias inasimuliwa na wengi, na wengine husema zilikuwa safari mbili. Usiitupe simulizi ya bibi. Iandike na jina la aliyesimulia, mahali na mwaka. Simulizi mbili zisizokubaliana zina faida kuliko moja iliyonyooshwa na mtu wa mjini.

#12 cheka, lakini kuku huyo ndiye aliyewafanya watoto wa darasa langu wakumbuke habari ya kodi na vibarua.

#14 Bin_Amu
Salamu kutoka Lamu. Nimevutiwa na #13. Kwetu walisema tuhifadhi maandishi, nasi tuna maandishi mengi. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za dijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na hilo ni jambo jema sana. Lakini tazameni Khabari za Pate. Inasemekana kitabu chenyewe kilipotea Witu iliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Tunayoyasoma leo yalitoka kinywani kwa mzee Bwana Kitini, aliyekuwa ameyahifadhi kichwani, wakayaandika waliokuja kumuuliza. Na nakala zenyewe hazikubaliani, tarehe na majina ya masultani yanapishana.

Kwa hiyo msikimbilie kujenga nyumba ya makumbusho kabla hamjakaa na wazee. Siwa yetu ya shaba, lile baragumu kubwa la sherehe, na siwa ya pembe ya Pate zimo makumbusho ya Lamu, zimetunzwa vizuri, kila mtu anaziona. Anayejua kuzipuliza kwa utaratibu wake ni nani leo? Kitu kipo, desturi yake imenyamaza.

#15 Pwani_Moja
#14 Afadhali kitu kiwepo, maalim. Sisi hatuna hata cha kukitazama.

#16 Dada_wa_Ganze
Mnasema kaeni na wazee. Naomba niseme jambo ambalo uzi huu unalizunguka.

Ganze na Magarini mzee mwenye mvi analala kwa hofu. Wazee wamekatwa mapanga usiku kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukifuatilia unakuta ni shamba. Kaya Godoma, kwetu Ganze, imekuwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia nyumba zao wenyewe. Watu waliopaswa kuwa wamekaa chini ya mwembe wakiulizwa mababu walitoka wapi wamo mle wakingojea kama wanao watawakubali tena.

Sasa fikirieni: mzee yupi atakayesema hadharani kwamba anajua viapo vya kaya, anajua dawa, anajua kigango husimamishwa vipi? Ushahidi wenyewe wa kumwua huo! Mjomba wangu alipopata mvi alianza kuzipaka rangi. Na mambo aliyokuwa akitusimulia tukiwa wadogo akaacha kuyasimulia, akawa anasema hajui. Alikuwa anajua. Amezikwa nayo.

Vigango vya mjomba havikuibwa wala kuchomwa. Aliving'oa mwenyewe usiku ili watoto wa ndugu zake wasipate la kusema. Mwekeni na huyo kwenye orodha yenu.

#17 Garashi_Juu
#16 Pole sana dada. Hili sikuliweka kwenye swali langu na lingepaswa kuwa la kwanza.

#18 Mzee_Jilore
#16 Mwanangu, umesema. Mimi navaa kofia mwaka mzima.

#19 Mwata_Dakatcha
Nimesoma tangu mwanzo. Mnazungumza kana kwamba nchi hii ilianza na Mgiriama. Sisi Wawata, mnaotuita Wasanye, tuko misitu hii, kutoka Dakatcha hadi Arabuko-Sokoke na ng'ambo ya Galana, tangu zamani ambazo hata nyinyi wenyewe kwenye simulizi za Singwaya mnasema mlikuta watu. Hatukuchonga nguzo. Urithi wetu ni njia za maji, miti ya mizinga, namna ya kusoma nyayo, upinde mrefu na sumu yake. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, kazi ya baba zetu iliitwa ujangili na wakafungwa kwayo.

Nipeni jibu: makumbusho itaweka nini cha kwetu kwenye kabati la kioo? Upinde bila msitu? Msitu wa Dakatcha unaisha kwa mkaa na nanasi. Njia aliyonionyesha baba ilipita mahali ambapo leo kuna tanuri za mkaa. Lugha yetu wanaijua wazee, watoto wetu wanaongea Kigiriama na Kiswahili. Hakuna aliyeiiba.

#20 Kijana_wa_Gongoni
#19 Heshima kaka. Ila Singwaya ni kweli tulitoka huko, kaskazini, Somalia ya sasa.

#21 Mwalimu_Mstaafu
#20 Wazee wa Mijikenda wengi wanasema hivyo na mimi nimelifundisha hivyo. Lakini tangu miaka ya 1970 wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba simulizi ya Singwaya ilienea miongoni mwetu baadaye, na wapo waliowajibu kwa nguvu kwamba ni ya zamani. Hawajamalizana. Kwa #19 haileti tofauti. Kwa simulizi zote mbili Wawata wamo mapema, na vitabu vya shule huwapa mstari mmoja.

#22 Ugenini_Doha
Hamjambo. Kitu kimoja sielewi. UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda kwenye Urithi wa Dunia 2008, na 2009 ikaziweka mila za kaya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mji wa kale wa Gede nao umeingia 2024. Kaya nyingi zimekuwa mnara wa kitaifa kwenye gazeti la serikali tangu 1992. Ulinzi wote huo, na bado tunalia?

#23 Mkauma_wa_Dabaso
#22 Gede wanalinda mawe, nami nafurahi, nakaa karibu na watoto wangu wanapata vibarua vya watalii. Mawe hayahitaji mtu wa kuyaamini. Kaya ikibaki miti tu bila wazee wa kambi, baraza la kaya, wa kuifungua na kuifunga, itakuwa msitu mzuri wenye kibao. Kijana wangu aliuliza kwa nini tunavua viatu kuingia kayani nikajikuta nampa jibu fupi, maana refu nililipata nusu.

#24 Fundi_Mbao
Mimi ni mchongaji, niseme la mti. Mnajadili kusimamisha vipya, mtachonga na nini? Muhuhu mkubwa umekwisha. Ulikatwa kwa vinyago na kwa sakafu za mbao. Uliobaki uko Arabuko-Sokoke, na kule kukata bila kibali ni kesi. Vinavyouzwa barabarani leo ni vya mti laini, vimepakwa rangi ya viatu na kuzikwa mchangani vionekane vya zamani. Mzee mmoja aliniomba nimchongee cha kweli kwa ajili ya baba yake, nikamtafutia gogo kwa muda mrefu, mwishowe akakubali mkone. Mimi ningependa mtu apande muhuhu leo, ingawa hukua polepole na atakayeukata hatujamzaa.

#25 Pwani_Moja
Turudi kwenye vilivyoko nje. Makumbusho ya Denver ilitangaza 2014 kwamba inarudisha vigango 30. Wengine wamefuata. Tuunde kamati, tuandike barua, tudai vyote.

#26 Dada_wa_Ganze
#25 Virudi kwa nani? Ulichosema kwenye #2 kilifanikiwa kwa sababu ya picha na jina. Vingi havina jina la mudzi wala la marehemu. Muuzaji hakuandika, ukutani kimeandikwa "nguzo ya ukumbusho, Kenya". Vikishuka hapa vitakaa stoo. Wewe ungekubali kigango kisichojulikana ni cha baba ya nani kisimamishwe mlangoni kwako?

#27 Pwani_Moja
#26 Ningekubali kisimamishwe Kaya Fungo. Au Bungale, penye kaburi la Mekatilili, ambako watu hukusanyika tayari. Mudzi mmoja kwa wote waliopotea.

#28 Mzee_Jilore
#27 Hapana. Mzimu hawekwi na wageni. Kigango hakihamishwi, mwalimu amekueleza. Kimehamishwa mara moja kwa wizi, utakihamisha ya pili kwa wema? Wengine wanasema kikishang'oka kimekuwa mti tu, kipelekeni popote. Kambi wakae waamue.

#29 Mkauma_wa_Dabaso
#28 Na wapo wanaosema kigango kazi yake ni kuoza. Kikianguka na marehemu ametulia. Ukikipaka dawa ya mchwa na kukitia kwenye kioo unamnyima kupumzika.

#30 Bin_Amu
#29 Hilo ni zito. Basi la kuhifadhi ni kazi ya mchongaji na kumbukumbu ya jina. Nguzo yenyewe iachwe imalizike.

#31 Pwani_Moja
Siafiki, maalim. Cha kwetu kioze na cha Illinois kipigwe picha na watalii?

#32 Ugenini_Doha
Nani kaenda Nyari, lile bonde la mchanga pale Marafa? Nilipeleka watoto likizo, kijana anayetembeza wageni akatuambia habari ya familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe mpaka Mungu akaizamisha nchi. Nayo tuiandike?

#33 Kijana_wa_Gongoni
#32 Iandike na kiasi cha maziwa alichotaja, kila anayetembeza ana ng'ombe wake!

#34 Mwalimu_Mstaafu
#32 Iandike. Na uandike pia kwamba maji ya mvua yanaendelea kuula mchanga ule kila msimu, bonde linapanuka na mashamba ya watu wa ukingoni yanaliwa. Simulizi na mmomonyoko vyote viwili ni vya Marafa.

#35 Garashi_Juu
Wapendwa, ahsanteni. Nimetafakari haya: tuanze na simu zetu. Kila mmoja amrekodi mzee mmoja wa kwao: jina la mudzi, mbari, alikohamia, alikozikwa nani, kigango kilikuwepo au la. Bila kuuza, bila kupeleka kwa mtu wa nje. Kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inayozitaka kaunti ziweke daftari la maarifa hayo, tunaweza kuidai Kilifi itimize.

#36 Dada_wa_Ganze
#35 Nakuunga mkono kwa sharti. Sauti za wazee wanaoishi kwa hofu zisiingie mtandaoni kabisa, hata bila majina. Sauti inatambulika. Na warekodiwe wanawake. Uzi wote huu ni baba na babu. Ngoma ya kifudu ya Mekatilili ilichezwa na wanawake, nyimbo zake wanazijua bibi zetu.

#37 Mwata_Dakatcha
#35 Na mkija kwetu msije na maswali ya nguzo. Njooni tutembee.

#38 Mzee_Jilore
#35 Nyimbo za Gohu msirekodi. Zina wenyewe, waliingia kwa karamu na kwa kiapo.

#39 Garashi_Juu
#38 Mzee wangu, nikinyamaza zitapotea. Wa Gohu waliobaki kwetu ni wazee sana.

#40 Mzee_Jilore
Zikipotea zimepotea kwa heshima. Mimi baba alichoma, sina haki ya kukufungulia alichokifunga babu.

#41 Fundi_Mbao
#40 #39 Kati yenu kuna lisilo siri. Ulizeni nani alichonga. Kila mtu anataja marehemu, anataja mwizi, hakuna anayemtaja fundi. Mkono wa mtu unajulikana kwa namna anavyokata pembetatu, wengine hukata ndani sana, wengine huacha ukingo. Kwenye picha za vile vya Marekani naona mikono inayojirudia. Aliye na mzee Bamba, Vitengeni au Baricho anayekumbuka jina la mchongaji wa eneo lao, hata mmoja, aliandike hapa na alikoishi. Nitaanza kulinganisha na picha. Huenda tukajua vilitoka upande gani.

#42 Kijana_wa_Gongoni
Nampigia bibi sasa hivi.